Kuvusha waridi la kwenye ndoo kiangazi cha Dodoma

Mvua zikishakatika Aprili, waridi lako la kwenye ndoo linasubiri mpaka Desemba. Wengi wanaogopa jua la Oktoba. Kumbe mengi huanza kufa Juni, kwenye kibaridi: mwenye mmea hahisi joto, anapunguza maji, huku upepo mkavu unanyonya majani kuliko mizizi inavyoweza kurudisha.

Kwa hiyo anza kwa kuhamisha. Upepo wetu unatoka mashariki na kusini-mashariki, na mwezi Juni jua limeegemea kaskazini. Ukuta wa kaskazini wa nyumba unakupa vyote viwili, jua na kinga. Inua ndoo juu ya matofali mawili, la sivyo mchwa watapandia kwenye matundu ya chini. Kama ni nyeusi, ipake chokaa kwa nje. Ikipata moto wa mchana, mizizi iliyogusa plastiki inaungua.

Sasa kupogoa, na hapa mkono uwe mwepesi. Mkasi ni ule ule wa wakulima wa zabibu, uliofutwa kwa spiriti. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana, basi. Ukikata sana utaamsha machipukizi yanayodai maji mengi. Kupogoa kwenyewe kunasubiri mwisho wa Novemba.

Tuje kwenye maji. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi; ndoo ya lita 20 huchukua kama lita 3, taratibu, mpaka yachuruzike chini. Juni ni kila baada ya siku mbili au tatu, Oktoba huenda ikawa kila siku. Tazama hii: maji yametoka chini papo hapo. Usidhani mmea umeshiba! Udongo umesinyaa, maji yanapita pembeni. Iweke ndoo kwenye beseni la maji nusu saa, mapovu yakiisha itoe, ijichuje.

Na ukoko huu mweupe ukingoni? Ni chumvi. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na ukimwagilia kidogo kidogo inabaki udongoni. Kingo za majani zinakauka, mtu anadhani ni njaa, anaongeza mbolea ya dukani, yaani chumvi juu ya chumvi. Mbolea hiyo iache mpaka mvua. Mara moja kwa mwezi pitisha lita 40 polepole, yatoke yote. Ukiwa na maji ya mvua kwenye simtanki, yatumie hapa. Yanayotoka chini mpe mwarobaini, hautalalamika.

Juu tandaza maganda ya karanga, sentimita 5, yasiguse shina.

Kila wiki geuza majani. Vidoti vyeupe na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri. Anapenda ukavu na vumbi. Rushia maji kwa nguvu upande wa chini, asubuhi, kila baada ya siku mbili, kwa wiki mbili. Unga mweupe juu ya majani machanga ni ubwiri unga, ugonjwa wa usiku wa baridi wa Juni na Julai. Huo tibu kwa salfa kama kwenye zabibu, kwa kipimo cha kwenye pakiti, asubuhi na mapema. Ukipiga salfa mchana wa joto, majani yataungua yenyewe.