Moshi Mweupe, Injini Nzima

REHEMA: Haya, tumerudi. Leo tumefungua boneti ya Surf. Fundi Shabani, shikamoo.

SHABANI: Marahaba, mdogo wangu. Ni ile Surf ya mjomba wako?

REHEMA: Hiyo hiyo. Kwa mliojiunga leo, ni Hilux Surf ya mwaka 1998, petroli, injini ya 3RZ, ile ya lita 2.7. Mjomba akiiwasha asubuhi, majirani wanafunga madirisha. Moshi mweupe unatanda uani kama kuna mtu anachoma takataka. Gereji ya kwanza ikamwambia gasketi ya silinda hedi imekwisha. Ya pili ikasema hapana, ni ringi za pistoni, injini ishuke. Mzee wa watu kashaanza kupiga simu za kukopa.

SHABANI: Maji ya rejeta yalikuwa yanapungua?

REHEMA: Hata kidogo.

SHABANI: Oili ya injini?

REHEMA: Kwa kawaida tu. Ila kuna kitu kimoja hakumwambia fundi yeyote, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kila Ijumaa alikuwa anaongeza mafuta ya stelingi, yale yanayoufanya usukani uwe mwepesi. Na chini ya gari hakuna hata tone.

SHABANI: Sasa hapo ndipo pa kuanzia. Mafuta ya stelingi si petroli, gari haiyatumii kutembea. Yakipungua yamekwenda mahali. Kama hayako chini, hayako kwenye reki, hayako kwenye mipira, basi yameliwa na injini. Na kwenye hizi Toyota za petroli za zamani, iwe Surf, Prado ya miaka ya tisini au pikapu ya Hilux yenye 3RZ, pampu ya stelingi ina mlango wa kuingilia kwenye injini. Ni ile valvu ndogo iliyofungwa kwenye pampu, yenye mipira miwili myembamba. Wengine wanaiita sensa. Si sensa, haina waya hata mmoja.

REHEMA: Pampu ya stelingi na hewa ya injini zinahusiana nini?

SHABANI: Fikiria unapaki. Gari iko sailensi, hukukanyaga mafuta, mizunguko kama 700 kwa dakika. Unakunja usukani mpaka mwisho. Pampu inabanwa pale, presha yake inaweza kupita bar 60, na nguvu ya kuisukuma inatoka kwa injini kupitia mkanda. Injini inalemewa. Ukiwa na AC, gari inatetemeka, pengine inazima katikati ya geti na walinzi wanakutazama.

REHEMA: Imenikuta hiyo.

SHABANI: Ndiyo maana Toyota wakaweka hiyo valvu. Upande mmoja inaguswa na presha ya mafuta ya pampu. Upande wa pili kuna hiyo mipira: mmoja umetoka kwenye bomba la eakilina, yaani chujio la hewa, kabla ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta; na mwingine unaingia kwenye manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, baada ya throto. Presha ikipanda, inasukuma kipini kilichomo ndani, njia inafunguka, hewa inapita pembeni ya throto. Injini inapata hewa ya ziada, resi, yaani mizunguko, haishuki. Ukinyoosha usukani, kipini kinarudi, njia inajifunga. Hakuna umeme wala kompyuta. Mimi naipenda kwa hilo.

REHEMA: Mpaka iharibike.

SHABANI: Mpaka sili ya ndani iishe. Raba ya miaka ishirini na zaidi, inachemshwa na mafuta kila siku, itakaza tu na kupasuka. Ikipasuka, mafuta yanavuka upande wa hewa. Na upande wa hewa kuna manifoldi, ambayo gari ikiwa sailensi inavuta kama mtoto na mrija wa soda. Inayanyonya mafuta, inayachoma, yanatoka kwenye ekzosi. Huo ndio moshi wa mjomba.

REHEMA: Sasa mtu atautofautishaje na moshi wa gasketi?

SHABANI: Mvuke wa maji hauna kiburi, ukitoka unapotea hapo hapo. Moshi wa mafuta unaning'inia, una weupe wa kuelekea bluu, na unakaa kooni. Lakini usibishane na pua. Zima gari, chomoa ule mpira unaokwenda kwenye manifoldi, ingiza kidole. Ukitoa kidole kikavu au kina vumbi tu, katafute ugonjwa kwingine. Kikitoka kimelowa mafuta mekundu, au ya kahawia kama yamezeeka, umemaliza kazi.

REHEMA: Kwa mjomba sikuingiza kidole hata. Niliinamisha mpira, yakanimwagikia kwenye kiatu.

SHABANI: (anacheka) Jibu hilo.

REHEMA: Basi, wengi wakifika hapo wanasema, "Ziba tu, kaka." Na mimi kwa kweli siwalaumu. Valvu yenyewe uipate wapi, na bei yake?

SHABANI: Siwalaumu pia, ila kuna kuziba na kuziba. Nimeletewa Prado, fundi kachomoa mipira yote miwili kwenye valvu, kaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba. Kaona kaipita valvu. Gari ikiwashwa inaunguruma kama iko mlimani, kwa sababu ile njia ya pembeni sasa iko wazi saa zote. Mwenyewe anakanyaga breki kwenye foleni kuishikilia.

REHEMA: Na yule anayeziba mpira mmoja tu?

SHABANI: Huyo ndiye anayenipa wateja. Anaziba wa manifoldi, wa eakilina anauacha unaning'inia. Ule mpira umetokea baada ya sensa inayopima hewa. Ukiuacha wazi, injini inavuta hewa ambayo haikupimwa, tena yenye vumbi la barabara, haikupita kwenye chujio. Ukiacha wazi ule wa manifoldi ndiyo mbaya zaidi, sailensi inavurugika kabisa. Kwa hiyo unaziba midomo yote miwili kule kwenye injini, kwa vifuniko vya raba vinavyostahimili joto, na klampu juu yake. Si kwa boliti iliyofungwa mfuko wa nailoni.

REHEMA: Hilo la nailoni umelisema kwa uchungu.

SHABANI: Nimeutoa nailoni kwenye manifoldi kwa koleo, mdogo wangu. Tuliache hilo. Sasa sikiliza jambo ambalo watu hawalielewi. Kuziba mipira kunafaa ikiwa valvu ni nzima, labda mipira ndiyo imechakaa. Lakini kama valvu inavuja, mafuta bado yanatoka upande wa pampu. Umeizuia injini isiyanywe, hujayazuia yasitoke. Ukiziba na chuchu za valvu yenyewe, pale mipira inapovalishwa, presha inajijenga nyuma ya kile kifuniko cha raba mpaka siku kinaruka.

REHEMA: Kikiruka?

SHABANI: Mafuta yanarukia ekzosi iliyowaka moto. Ukiwa na bahati utapata moshi tu na usukani mzito kama wa lori la kale. Bila bahati, moto.

REHEMA: Kwa hiyo valvu inayovuja lazima itoke.

SHABANI: Itoke. Una njia mbili. Ya kwanza, weka nyingine mpya. Mtumba sikushauri hapa, sili ya mtumba ina umri ule ule wa sili yako. Ya pili, toa valvu, peleka kwa mchongaji mwenye mashine, akutengenezee plagi ya chuma yenye uzi ule ule, na washa ya shaba chini yake. Mwachie valvu yenyewe apime uzi kwa geji, asikisie kwa macho. Na plagi isizidi urefu, kule ndani kuna njia ya mafuta. Anza kuikaza kwa vidole, spana baadaye. Tena usiizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, vipande vyake vinaingia ndani ya pampu.

REHEMA: Nikiweka plagi, ile kazi ya kupandisha resi nimeipoteza.

SHABANI: Umeipoteza. Ila hizi injini za 3RZ, na 5VZ ile ya V6, zina valvu nyingine ya sailensi kwenye throto, inayoendeshwa na kompyuta. Resi ikishuka, kompyuta inajaribu kuifidia. Inachelewa kidogo, unasikia gari inainama halafu inanyanyuka. Kama throto imejaa masizi, haitanyanyuka, kwa hiyo isafishe kwanza. Mwenye gia za kawaida anayejua kukanyaga mafuta kidogo wakati wa kupaki, ataishi vizuri tu. Mwenye otomatiki, AC muda wote, anayeshinda kwenye foleni za mjini, namwambia nunua valvu.

REHEMA: Mimi ningeweka plagi nikasahau.

SHABANI: Wewe una gia za mkono na huwashi AC kwa ubahili. Sawa.

REHEMA: Tukishafunga, tunajuaje kwamba valvu mpya inafanya kazi?

SHABANI: Gari imepata joto, AC imezimwa. Mtu mmoja akunje usukani mpaka mwisho, wewe ubane mpira wa hewa kwa koleo lenye mdomo uliozungushiwa kitambaa. Resi inapaswa kushuka. Ukiachia, ipande. Ikifanya hivyo, valvu inapumua. Usimwache mwenzako ashikilie usukani pale mwishoni zaidi ya sekunde kumi, utachemsha pampu bure.

REHEMA: Na kutoa upepo kwenye stelingi?

SHABANI: Jaza ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron, kwenye kopo la stelingi mpaka kwenye alama. Nyanyua magurudumu ya mbele, injini imezimwa, zungusha usukani kulia mwisho, kushoto mwisho, mara kadhaa, huku unaangalia kopo. Mapovu yakiisha ndipo uwashe. Na nawaomba sana, mafuta ya breki yasiingie humo hata mkiwa porini. Yanalainisha sili za stelingi mpaka zinakuwa kama chapati.

REHEMA: Moshi utakoma siku hiyo hiyo?

SHABANI: Hapana, usikate tamaa. Manifoldi na ekzosi zimelowa, lazima yaliyobaki yaungue. Mpe siku mbili tatu za safari ya kweli, si ya dukani. Plagi za moto zitoe uziangalie, zitakuwa zimelowa au zimejenga majivu meupe.

REHEMA: Kuna msikilizaji ana Hilux ya dizeli, injini ya 3L, anauliza kama na yeye azibe.

SHABANI: Dizeli haipandi resi kwa hewa, inapanda kwa mafuta, pale kwenye pampu ya nozeli. Somo lake ni jingine, tutamwekea siku yake.

REHEMA: Sasa nimalizie ya mjomba. Siku ile tulipogundua, valvu hatukuwa nayo. Fundi mmoja, simtaji...

SHABANI: Si mimi.

REHEMA: Si wewe. Aliziba midomo ya kwenye injini vizuri kabisa, na klampu. Halafu zile chuchu mbili za valvu akazivalisha vipande vya mpira, akaviingiza kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akaifunga kwa waya pembeni ya betri. Yanayovuja yanadondokea humo. Mjomba alisafiri mpaka Morogoro hivyo, anasimama Chalinze kuangalia chupa kama mtu anayeangalia dripu ya mgonjwa.

SHABANI: Kwa wiki moja sina neno, muda wa kusubiri spea. Chupa ya plastiki ndani ya boneti haina maisha.

REHEMA: Spea ilikuja mwezi wa pili. Imo kwenye dashibodi, ndani ya boksi lake, na karatasi haijachanwa.

SHABANI: Na chupa?

REHEMA: Ipo. Anasema ikijaa anayarudisha kwenye kopo, hapotezi kitu.

SHABANI: Mwambie aje Jumamosi saa mbili asubuhi. Aje na ATF mpya, lita moja. Na hiyo chupa asiimwage, nataka kuiona.