Kukaa au Kuondoka: Jioni ya 1966 Iliyowagawa Wainjili wa Uingereza

AMOSI: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji. Mimi ni Amosi, niko Dodoma, na mwenzangu kama kawaida ni Dada Neema aliyeko Leicester. Leo tuna swali la msikilizaji wa Mwanza. Anauliza hivi: wale Waanglikana wa Uingereza wa msimamo wa kiinjili, yaani wanaosisitiza mamlaka ya Biblia na kuhubiri injili, kila siku wanalalamikia maaskofu wao. Kwa nini wasihame tu?

NEEMA: Amina, Kaka Amosi. Kuna watu walishaambiwa wahame, tena hadharani, na tarehe yake inajulikana: 18 Oktoba 1966, Westminster Central Hall, London. Ulikuwa mkutano wa Evangelical Alliance, umoja wa wainjili wa madhehebu mbalimbali, na aliyepanda jukwaani ni Martyn Lloyd-Jones.

AMOSI: Yule daktari.

NEEMA: Daktari kwelikweli. Mtu wa Wales, alifanya kazi hospitali ya St Bartholomew's chini ya daktari mkubwa wa enzi hizo. Mwaka 1927 akaacha yote, akaenda kuhubiria watu wa bandari na viwanda kule Aberavon. Baadaye akaja Westminster Chapel, London, akakaa hapo mpaka 1968.

AMOSI: Ngoja, kabla ya mkutano, nisimulie habari ya Ijumaa zake, maana mtu asiyeijua hataelewa kwa nini neno lake lilikuwa na uzito. Mwaka 1955 alianza kufundisha Waraka kwa Warumi kila Ijumaa jioni. Mstari kwa mstari, mwaka baada ya mwaka. Machi mosi 1968 alikuwa kwenye sura ya 14, mstari wa 17: "ufalme wa Mungu si kula wala kunywa, bali ni haki na amani na furaha katika Roho Mtakatifu." Alihubiri kuhusu amani, akafunga Biblia. Akaugua, akafanyiwa upasuaji, na mimbari ile akaiacha. Kwenye furaha hakufika.

NEEMA: Na alifariki Machi mosi 1981, tarehe ileile.

AMOSI: Miaka kumi na miwili na zaidi, sura kumi na nne hazijaisha! Huku kwetu baraza la wazee lingeshamwita ofisini.

NEEMA: (anacheka) Lakini ndiyo ladha ya mahubiri ya kiinjili ya huku mpaka leo. Ukiingia kanisani kwao Jumapili, anayeongoza anakutajia ukurasa wa Biblia iliyopo kwenye benchi, maana hadhani kila mtu anajua Warumi iko wapi. Mhubiri anasimama nusu saa hivi, anaeleza "kwa sababu hiyo" ya Paulo imetokana na nini. Hakuna anayesema "Amina!" Ukitaka kujua nani ameguswa, tazama nani anaandika kwenye daftari. Kisha chai na biskuti, na hapo ndipo watu wanaulizana habari za wiki.

AMOSI: Sisi wageni tunadhani wamepoa.

NEEMA: Wengine wamepoa, sikatai! Lakini nenda St Helen's Bishopsgate, katikati ya mabenki ya London. Mwaka 1961, kasisi wake wa wakati huo, Dick Lucas, alianzisha ibada ya mchana Jumanne kwa watu wa maofisini. Mtu anatoka kazini na tai yake, anasikiliza Neno, anarudi kwenye hesabu zake. Kanisa lenyewe liliharibiwa na mabomu ya IRA, wapiganaji wa Ireland, mara mbili, 1992 na 1993, likakarabatiwa, na mahubiri yakaendelea.

AMOSI: Haya, turudi 1966.

NEEMA: Wakati ule kulikuwa na mazungumzo mengi ya kuunganisha madhehebu. Lloyd-Jones aliwaambia wainjili: mko tayari kuungana na watu mnaotofautiana nao kuhusu kiini cha injili, huku mmetengana ninyi kwa ninyi mnaokubaliana. Kwa nini msikusanyike pamoja? Wengi walielewa maana yake ni moja tu, kuwa Waanglikana watoke, Wabaptisti watoke, Wamethodisti watoke.

AMOSI: Na mwenyekiti wa kikao hicho alikuwa nani? John Stott, kasisi wa All Souls, Langham Place. Mwanglikana.

NEEMA: Mwenyekiti kazi yake ni kushukuru na kufunga kwa sala. Stott alisimama akapinga palepale. Alisema historia haiungi mkono wazo hilo, na Maandiko pia, kwa kuwa wale wachache waliobaki waaminifu walikuwa ndani ya watu wa Mungu, si nje.

AMOSI: Mbele ya ukumbi mzima! Mzee amemaliza kuhutubia, mwenyekiti anampinga. Kwetu hiyo ni kesi.

NEEMA: Baadaye alimwomba Lloyd-Jones radhi kwa kutumia kiti cha mwenyekiti vibaya. Alichokisema hakukifuta. Na Aprili 1967, Waanglikana wa kiinjili kama elfu moja walikutana chuo kikuu cha Keele wakaamua kubaki na kushiriki kikamilifu katika Kanisa la Uingereza. Upande wa pili, Westminster Chapel ikajiunga na FIEC, umoja wa makanisa huru ulioanza 1922.

AMOSI: Mimi ndipo ninaposema Daktari aliona mbali. Tazama Februari 2023: sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza ilikubali sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na Desemba mwaka huohuo zikaanza kutumika. Aprili, katikati hapo, viongozi wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wa kihafidhina duniani, walikutana Kigali wakasema hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiongozi wao. Wainjili wa ndani wamebaki wanaandika barua.

NEEMA: Barua na fedha, Kaka. Kila parokia huchangia dayosisi, na makanisa ya kiinjili mara nyingi ndiyo yenye waumini wengi na sadaka nzito. Baadhi yameacha kupeleka mchango huo, au yameuelekeza kwingine. Dayosisi inalisikia jambo hilo kuliko barua kumi.

AMOSI: Lakini wamebaki.

NEEMA: Kuondoka si maneno. Kasisi akitoka, nyumba anayoishi si yake. Jengo la kanisa, lenye makaburi ya mababu wa kijiji, linabaki na Kanisa la Uingereza. Mke wake anafundisha shule ya jirani, watoto wanasoma hapohapo. Ukimwambia "toka" mtu wa namna hiyo, mwambie pia atalala wapi Jumatatu.

AMOSI: Hilo nalikubali, hata huku nyumba ya mchungaji si ya mchungaji. Ila Lloyd-Jones mwenyewe aliacha udaktari wa London.

NEEMA: Sawa. Sasa na mimi nikuulize kuhusu kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia wapi?

AMOSI: Gahini, Rwanda, miaka ya thelathini. Daktari Mwingereza Joe Church, pamoja na Simeoni Nsibambi wa Uganda na wenzao.

NEEMA: Na mwaka 1941, pale Mukono, Uganda, wanafunzi wa theolojia 26 walifukuzwa chuoni, William Nagenda akiwa mbele yao, kwa sababu hawakukubali kuacha kukutana alfajiri kuomba na kuhubiri. Je, walianzisha dhehebu?

AMOSI: Hapana. Walibaki kanisani.

NEEMA: Walibaki, wakaendelea kutubu na kuimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho, kwenye makanisa yaleyale ambayo viongozi wake waliwaona wakorofi. Na mwaka 1947 timu za uamsho zilikwenda Uingereza kuwahubiria waliowaletea injili.

AMOSI: Dada, hapo umenibana kidogo. Lakini kuna tofauti. Mukono ugomvi ulihusu utaratibu na moto wa watu. Uongozi haukukataa msalaba. Daktari alizungumzia kanisa ambalo askofu anaweza kukana ufufuo na asiulizwe.

NEEMA: Hiyo ni hoja nzito, na Stott aliijua. Lakini mimi nauliza, ukitoka, unamwachia nani wale watu wa parokia? Bibi wa miaka themanini kijijini hahamii kanisa huru lililoko maili ishirini.

AMOSI: Labda kanisa huru limfuate bibi.

NEEMA: Mengine yanamfuata, kweli. Wanakodi ukumbi wa shule ya msingi, wanapanga viti saa mbili asubuhi, wanavitoa saa saba. Nimeyaona, na nayaheshimu. Ila mimi bado niko na Stott.

AMOSI: Na mimi na Daktari. Msikilizaji wa Mwanza, umesikia, hata sisi wawili hatujakubaliana. Tutumie sauti yako kwa WhatsApp utuambie uko upande gani. Wiki ijayo Dada Neema anakwenda Old Kent Road, London, kwenye yale makanisa ya Kiafrika yanayosali ndani ya maghala, na nitamuuliza kwa nini vijana wa Kiingereza hawaonekani humo.

NEEMA: Wapo wachache. Nitakuletea jibu.