Maktau: Stesheni Iliyoletwa na Vita

Asanteni kwa kunikaribisha. Wengi wenu mmepita Maktau mkielekea Taveta, na pengine hamkugeuza shingo.

Reli ya Voi hadi Taveta haikujengwa kwa ajili ya abiria, wala mkonge, wala kahawa. Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika waliitwaa Taveta, na kutoka huko vikosi vyao vidogo vikawa vinavuka nyika kwenda kutega baruti kwenye reli kuu ya Mombasa. Waingereza walitaka kuwafuata, ila nyika ile haina maji. Maelfu ya askari, na farasi na nyumbu wao, wangeifia kiu njiani. Basi mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi, na mwezi Juni ikafika Maktau. Ikakoma hapo kwa miezi kadhaa, katikati ya kambi kubwa na mahandaki.

Wanaosimulia vita vya Maktau humtaja Wilbur Dartnell, ofisa Mwaustralia. Tarehe 3 Septemba 1915 alijeruhiwa mguuni karibu na hapo, akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake, akauawa. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, na kaburi lake liko Voi. Anastahili, sibishi. Lakini waliolaza mataruma juani ni makampuni ya reli ya jeshi la India pamoja na vibarua Waafrika. Wahindi wana makaburi yao pale Maktau. Vibarua na wapagazi wetu je? Wengi wao hawakuandikwa jina popote, na jambo hili linaniuma sana.

Mwaka 1916, Wajerumani walipong'olewa kilima cha Salaita na Taveta, reli ilisogezwa hadi Kahe, upande wa Tanganyika, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi. Mizigo ya Moshi ikapata njia ya kwenda bandari ya Kilindini, Mombasa, na Maktau ikawa stesheni ya kawaida. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Njia iliyotegemea mizigo ya ng'ambo ya mpaka ingeponea wapi? Malori yakamalizia.

Walimu mlio hapa, nawaomba: watumeni wanafunzi kwa wazee wa Bura, Mwatate na Maktau, wawaulize ni babu wa nani aliyebeba mizigo ya vita ile. Wayaandike majina hayo, na ukoo, na kijiji.