Pengo Ambalo Ubongo Hutuficha

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Leo tunazungumzia macho, hasa presha ya macho. Tuanze na jaribio. Funga jicho la kushoto. Nyoosha mikono yote miwili mbele, vidole gumba vimesimama na kugusana. Kwa jicho la kulia, kazia macho gumba la kushoto, usilibandue. Sasa sogeza gumba la kulia polepole kwenda kulia, bila kulifuata kwa jicho. Likifika kama shibiri moja, ncha yake inapotea. Ukizidi kusogeza, inarudi.

Naona wengine mnarudia. Rudieni tu, si mazingaombwe.

Mwanga ukiingia jichoni hupindwa kwanza na konea, kile kioo angavu cha mbele, ambacho hufanya karibu theluthi mbili za kazi yote. Hupita kwenye mboni, hukutana na lenzi inayomalizia kulenga, kisha picha huangukia kwenye retina, ukuta wa nyuma wenye chembe zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Kutoka hapo, nyuzi kama milioni moja hukusanyika kuwa mshipa mmoja wa fahamu unaokwenda ubongoni. Pale unapotokea mshipa huo hakuna chembe hata moja ya kupokea mwanga. Ndipo gumba lako lilipopotelea. Tumezaliwa na pengo hilo katika kila jicho, wala hatulioni, kwa sababu ubongo hulijaza kwa kile kilicho jirani.

Shida nyingi za macho mwenyewe unazigundua. Mtoto ambaye jicho lake ni refu kupita kiasi, picha huangukia mbele ya retina, naye ubaoni haoni kitu. Mpeni miwani, na msiamini kwamba miwani itamharibu macho. Ukivuka miaka 40, lenzi hukakamaa: unasogeza simu mbali ndipo usome ujumbe, uzi hauingii kwenye sindano. Hilo litatufika sote, na miwani ya kusomea inatosha. Mtoto wa jicho nao ni lenzi iliyopoteza uangavu, protini zake zikageuka nyeupe kama ute wa yai ukipata moto. Hakuna dawa ya matone inayouondoa. Lenzi hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa ya bandia, jambo lililofanywa mara ya kwanza na daktari wa macho Harold Ridley huko London mwaka 1949. Mzee aliyekuwa akishikwa mkono, mara nyingi huona tena.

Presha ya macho ndiyo iliyonileta hapa. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka mchana na usiku. Njia ya kutokea ikikwama, shinikizo hupanda na zile nyuzi milioni moja huanza kufa, mara nyingi zile za kuona pembeni kwanza. Kwa wengi jicho haliumi wala haliwi jekundu, na unaendelea kusoma vizuri kwa sababu katikati bado pazima. Na ubongo? Unafanya kilekile ulichokifanya kwenye gumba: unajaza. Mtu anajikwaa ngazi, anagonga fremu za milango, anadhani ni uzee. Anapokuja kwetu, jicho moja limeshakwenda, na nyuzi zilizokufa hatuna namna ya kuzirudisha. Inaniuma kila mara, maana matone ya kushusha presha hiyo yangelinda kilichobaki.

Wala presha ya macho si presha ya damu. Vidonge vya presha ya damu havichukui nafasi ya matone haya, na matone hayo huachi kwa sababu huoni tofauti. Kazi yake ni hiyo, kuzuia tofauti isije. Matone ya kuondoa wekundu yanayonunuliwa bila kupimwa nayo yaogopeni: mengine yana steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi ikitumika muda mrefu hupandisha presha hiyohiyo.

Sisi Waafrika presha ya macho hutupata mapema na kwa ukali zaidi, na ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, hatari yako imepanda. Kwa hiyo ukifika kliniki usiseme tu unataka miwani. Sema: “Nina miaka zaidi ya 40, kwetu kuna presha ya macho, naomba nipimwe presha hiyo na mniangalie mshipa wa nyuma ya jicho.” Wasipokuwa na kifaa, waombe rufaa.

Sasa maswali. Mama wa pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja matone, tuanze naye.