Utafiti Unaogusa Kazi: Mhadhara Kuhusu Kupanga na Kuandika Ripoti ya Utayarishaji wa Kazi za Ubunifu

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliokubali kuketi nasi, nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga na kuandika ripoti ya utafiti inayoambatana na kazi ya ubunifu, iwe ni filamu fupi, kipindi cha redio, podikasti, katuni au mchezo wa kompyuta. Naiweka hoja yangu mbele mapema ili mnipime kwayo: utafiti wa mtayarishaji una thamani pale tu unapokuwa na uwezo wa kubadilisha uamuzi fulani katika kazi yake. Ripoti nyingi za wanafunzi zimeandikwa kwa bidii na zina kurasa za kutosha, lakini ukimaliza kuzisoma unabaki na swali gumu: kama utafiti huu usingefanyika, filamu ingetofautiana kwa lipi na hii tuliyoitazama? Mara nyingi isingetofautiana hata kidogo, kwa sababu filamu ilikamilika kwanza, ndipo utafiti ukatafutwa wa kuipamba.

Kabla ya kupanga chochote, mwanafunzi ajue anafanya utafiti wa aina gani. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitofautisha utafiti wa namna tatu katika sanaa na usanifu, na mgawanyo wake bado unatusaidia. Upo utafiti kuhusu sanaa, ambapo kazi za wengine ndizo zinazochunguzwa, kihistoria au kinadharia. Upo utafiti kwa njia ya sanaa, ambapo kutengeneza kwenyewe ndiko kunakozalisha maarifa. Upo pia utafiti kwa ajili ya sanaa, yaani ule unaokusanya mahitaji ya kazi: mandhari, mavazi, vifaa, vibali, historia ya jambo linalosimuliwa. Wanafunzi wengi hudai wanafanya ule wa pili huku daftari zao zikionyesha kwamba wanafanya wa tatu. Hakuna aibu katika wa tatu, kwani hakuna filamu inayosimama bila huo. Kosa ni kuukusanya huo, kisha katika sura ya mwisho ukadai kwamba umegundua jambo kuhusu hadhira.

Sasa tuje kwenye swali la utafiti, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo ripoti inapopona au inapofia. “Athari za muziki katika filamu” ni mada, wala haijawa swali, na mtu anaweza kuiandikia maisha yake yote asiimalize. Tuipunguze. Mwanafunzi anatengeneza filamu ya hali halisi ya dakika tano, yenye mzungumzaji mmoja anayesimulia alivyopoteza kazi. Anajiuliza: je, watazamaji wa umri wa miaka 18 hadi 24 humwona mzungumzaji huyu kuwa mkweli zaidi, au pungufu, pale maneno yake yanapowekewa muziki chini yake? Swali hili lina hadhira inayojulikana, lina kitu kimoja kinachobadilishwa, na lina kitu kimoja kinachopimwa. Zaidi ya hayo, linahusu jambo lililo mikononi mwa mtayarishaji mwenyewe, kwani muziki huo anaweza kuuweka au kuuondoa.

Nina kipimo ninachowapa wanafunzi wangu. Chukua karatasi, andika jibu la kwanza linalowezekana la swali lako, kisha mbele yake andika utakachofanya kwenye chumba cha uhariri iwapo jibu hilo litapatikana. Halafu andika jibu la pili, na mbele yake vilevile. Ikiwa vitendo vyote viwili vinafanana, swali hilo halijakomaa, hata kama limeandikwa kwa lugha ya kitaaluma ya kupendeza. Ikiwa unajua tayari ni jibu gani litatoka, nalo pia halijakomaa, maana unatafuta mashahidi badala ya kutafuta jibu. Mpango mzima wa utafiti, yaani mbinu, ratiba na bajeti, huzaliwa kutokana na swali lililopita kwenye kipimo hiki, na ndiyo maana sioni faida ya kuanza kuchora majedwali ya ratiba kabla ya swali kukaa sawa.

Suala la ratiba lina jambo moja la msingi ambalo husahaulika karibu kila mara. Jaribio la hadhira lazima litangulie uhariri wa mwisho, tena kwa siku za kutosha ili matokeo yake yaweze kufanyiwa kazi. Mwanafunzi anayeonyesha filamu iliyokwisha kukamilika, rangi zimerekebishwa na sauti zimesawazishwa, kisha akagawa hojaji, amekusanya maoni, lakini amejinyima nafasi ya kuyatumia. Onyesha toleo ghafi. Watazamaji huvumilia rangi zisizolingana wakielezwa kwamba kazi haijaisha, na wengi huwa wakweli zaidi wanapoona bado kuna nafasi ya kubadilisha.

Kuhusu kusoma vyanzo vya awali nitapita haraka, kwa sababu mmefundishwa katika masomo mengine. Niongeze tu kwamba kwa mtayarishaji, kazi zilizotangulia nazo ni vyanzo, na hustahili kusomwa kwa uangalifu uleule: unatazama filamu ukiwa na kalamu, unahesabu muda wa kila picha, unaandika dakika na sekunde ambapo muziki unaingia na unapotoka. Vilevile utafiti wa mahitaji ya kiufundi na ya kisheria uanze mapema. Kamera moja ikirekodi fremu (yaani picha moja moja) 24 kwa sekunde na nyingine fremu 25, utasumbuka katika uhariri. Wimbo uliorekodiwa huwa na haki mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na ruhusa ya mwenye moja haikupi ruhusa ya mwenye nyingine. Mkataba wa Berne wa 1886, pamoja na marekebisho yake, unaweka ulinzi wa kazi za fasihi na sanaa kwa jumla usiopungua maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha miaka 70. Kwa hiyo kudhani kwamba wimbo ni wa zamani na hauna mwenyewe ni kubahatisha.

Nigeukie kumbukumbu za kazi. Wengi wenu mmesikia jaribio linalohusishwa na Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kisovieti, lililofanyika katika miaka iliyofuata mapinduzi ya Urusi ya 1917. Inasimuliwa kwamba uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine uliunganishwa na picha za vitu mbalimbali, na watazamaji wakaona njaa, majonzi au furaha katika uso ambao haukubadilika. Jaribio hili hutajwa katika karibu kila somo la uhariri. Hata hivyo, filamu yenyewe haikubaki, na masimulizi yake yanatofautiana hata kuhusu vitu vilivyoonyeshwa: wengine hutaja sahani ya supu, marehemu ndani ya jeneza na mtoto akicheza, wengine hutaja mwanamke aliyelala kochini. Mwaka 1992 watafiti wawili nchini Marekani walilitengeneza upya na hawakupata matokeo yaliyosimuliwa. Mwaka 2016 kundi jingine la watafiti, kwa njia tofauti kidogo, likapata dalili kwamba athari hiyo ipo. Mabishano hayo yasingekuwa marefu hivi kama mtu angeandika tangu awali ni picha zipi zilizotumika, zilidumu kwa sekunde ngapi, nani walitazama na waliulizwa nini.

Basi andikeni, na andikeni wakati kazi inaendelea. Donald Schön, mwanazuoni wa Marekani aliyechunguza namna wataalamu wanavyofikiri kazini, mwaka 1983 alitofautisha kutafakari ndani ya utendaji na kutafakari baada ya utendaji, na kwa mtayarishaji tofauti hii haiishii katika nadharia. Unapokuwa seti unabadilisha pembe ya kamera kwa sababu fulani. Baada ya miezi miwili, sababu hiyo imeyeyuka, na kichwa chako kimeshatunga sababu nyingine iliyo nzuri zaidi kuliko ile ya kweli. Daftari la utayarishaji halihitaji ufasaha. Linahitaji tarehe, uamuzi uliofanyika, chaguo zilizokataliwa, na sababu. Mstari kama huu unatosha: “Tumeondoa picha ya mikono katika 2:14, watazamaji wanne kati ya sita wa toleo la pili walidhani ni mikono ya mtu mwingine, tumebaki na uso.” Mstari huo mmoja utakupa aya nzima ya sura ya matokeo, na msomaji ataamini. Pamoja na daftari, hifadhi kila toleo la uhariri kwa namba yake, usiandike toleo jipya juu ya la zamani, kwani toleo lililofutwa haliwezi kuwa ushahidi.

Tukija kwenye jaribio lenyewe la hadhira, turudi kwa mwanafunzi wetu wa filamu ya dakika tano. Ana matoleo mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa muziki. Akimwonyesha mtu mmoja matoleo yote mawili, mtu huyo atagundua mara moja kinachochunguzwa, na mara ya pili ataitazama filamu akiwa tayari anaijua hadithi. Ni afadhali agawe watazamaji makundi mawili, kila kundi lione toleo moja. Wasiwe marafiki zake tu, wala asiwaulize, “Umeipenda filamu yangu?” Swali hilo lina jibu moja tu kwa mtu mwenye adabu. Aulize kwanza maswali mapana: umemwonaje mtu huyu, ni wapi ulimwamini, ni wapi ulisita? Swali kuhusu muziki lije mwisho, au lisije kabisa. Akiwa chumbani aangalie pia nani aligeuka kuitazama simu na katika sekunde ipi, kwa sababu mtu anaweza kukusifia kwa maneno huku macho yake yalikuwa kwingine.

Kabla ya yote hayo kuna ridhaa. Mtazamaji ajue maoni yake yatatumikaje, kama jina lake litatajwa, na kwamba anaweza kujitoa. Anayeonekana katika filamu anastahili maelezo zaidi ya hayo, kwa kuwa sura yake itabaki hadharani wakati hojaji zitakuwa zimeshasahaulika, na akiwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi haina mbadala. Mahojiano yakirekodiwa, tengeni muda wa kuyaandika neno kwa neno: saa moja ya mazungumzo hula saa nne au zaidi za kuandika.

Uandishi wenyewe hauna haja ya kufuata mpangilio wa kurasa. Andika sura ya mbinu kwanza, kwa kuwa unajua ulichofanya. Fuatisha matokeo, kisha mjadala. Utangulizi uandikwe ukishajua unatangulia nini, na ikisiri, yaani muhtasari wa ripoti nzima, iwe ya mwisho. Katika matokeo, kuweni waangalifu na hesabu. Ukisema asilimia 33 ya watazamaji walichanganyikiwa, na watazamaji walikuwa 12, umevalisha watu wanne suti ya takwimu. Sema watu wanne kati ya 12, kisha eleza walichanganyikiwa na nini. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfaa mhariri.

Lipo suala la nafsi ambalo walimu tunatofautiana, nami nitasema upande wangu. Mazoea ya maandishi yetu ya kitaaluma ni kusema “mtafiti alichagua”, au kujificha zaidi katika “iliamuliwa”. Katika ripoti ya kazi ya ubunifu, mtafiti na mwongozaji ni mtu mmoja, na msomaji ana haki ya kujua ni yupi kati yao aliyefanya uamuzi, na kwa hoja gani. “Niliondoa muziki” ni sentensi inayowajibika. Kama msimamizi wako anataka nafsi ya tatu, mtii, lakini usikubali kauli ya kutendwa ikuondolee mtendaji.

Mwisho ni matokeo yasiyokufurahisha. Huenda makundi yote mawili yakamwamini mzungumzaji kwa kiwango kilekile, na muziki uliousumbukia usionekane kuwa na athari yoyote. Hayo ni matokeo, yaandikwe kama yalivyo, pamoja na mipaka yake: kundi dogo, filamu moja, mzungumzaji mmoja. Huenda pia, kinyume na ushahidi, ukaamua kuuacha muziki kwa sababu sikio lako linasema ubaki. Una uhuru huo, kwa kuwa kazi ni yako. Ripoti haikudai kwamba uitii hadhira. Inakudai useme kwamba ulisikia walichosema, ukaamua vingine, na kwa nini. Mtahini akisoma ukurasa huo ataweza kubishana nawe juu ya jambo halisi, na viambatisho vyenye daftari, hojaji na namba za matoleo vitamwezesha kufuatilia kila hatua mwenyewe.

Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wale waliokuja na swali lao la utafiti likiwa limeandikwa, ili tulipitishe kwenye kile kipimo cha majibu mawili hapa hapa.