Thor, mungu wa mkulima na mvuvi

Shikamooni wazee wangu. Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, karibuni sana.

Jioni hii nitamzungumzia Thor, mungu wa radi wa watu wa Norwe, Uswidi, Denmark na Iceland kabla hawajapokea Ukristo. Wengi wenu mmeshamwona kwenye filamu: kijana wa misuli, nywele za manjano, nyundo mkononi, anapigana tangu mwanzo mpaka mwisho. Masimulizi ya kale yanamtaja kuwa na ndevu nyekundu, na nyundo anayo kweli, inaitwa Mjölnir. Lakini vita vilikuwa na mwenyewe, na huyo ni Odin, baba yake. Thor alikuwa wa mkulima anayeangalia mawingu na mvuvi aliye mbali na nchi kavu. Hilo ndilo nililokuja kulitetea hapa.

Katika miaka ya 1070, padri mmoja wa Ujerumani, Adam wa Bremen, aliandika habari za hekalu la Uppsala huko Uswidi, kama alivyosimuliwa. Anasema palikuwa na sanamu tatu, na Thor ndiye aliyekaa katikati. Vita vikija, watu walimtolea sadaka Odin. Penye harusi walikwenda kwa mungu wa uzazi, Freyr. Njaa au tauni ikitishia, walimwendea Thor, maana upepo, mvua na mazao vilikuwa mikononi mwake. Basi fikirieni wenyewe: mtu wa kawaida analala akiogopa nini zaidi, upanga wa adui au ghala tupu?

Kuna shairi la kale la Iceland ambamo Odin amejigeuza mvushaji wa mtoni. Thor amechoka, anaomba kuvushwa, naye mvushaji anamkatalia na kumkejeli. Anamwambia kwamba Odin hupata wakuu wanaoanguka vitani, na Thor hupata watumwa. Mtunzi alikusudia tusi. Ila mungu anayetukanwa kwa sababu wanyonge ni wake, kwangu mimi hapo ndipo anapoanza kupendeka.

Tena angalieni anavyosafiri. Gari lake linavutwa na mbuzi wawili. Usiku mmoja anapiga hodi kwa mkulima, anawachinja mbuzi hao na kuialika familia nzima ile, kwa sharti moja tu: mifupa irudishwe juu ya ngozi bila kuvunjwa. Asubuhi anainua nyundo, mbuzi wanafufuka, lakini mmoja anachechemea. Mtoto wa mkulima, Thjalfi, alikuwa ameupasua mfupa wa paja ili apate uboho. Thor anawaka hasira, kisha anapoa, na Thjalfi anakuwa mtumishi wake.

Na huyo Thjalfi ndiye anayefuatana naye kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kimeandikwa na Snorri Sturluson, mwanasiasa na mwanachuoni Mkristo wa Iceland, katika kitabu chake cha miaka ya 1220 hivi. Sikilizeni.

Thor anafika kwenye ngome ya majitu. Mfalme wao anamtazama, anauliza: huyu mdogo ndiye Thor? Haya, aonyeshe anachoweza. Analetewa pembe ya kinywaji. Anavuta funda refu, la pili, la tatu, na pembe imepungua kidogo tu. Anaambiwa amwinue paka wa nyumbani. Anasukuma kwa nguvu zote, paka anakunja mgongo, unyayo mmoja tu unaachana na sakafu. Kwa hasira anataka mtu wa kushindana naye mieleka. Anaitwa ajuza mmoja, mlezi wa mfalme. Thor anamvuta, bibi hatikisiki. Bibi akaanza kumkaza yeye, mpaka mungu wa radi akaenda chini goti moja.

Asubuhi, nje ya lango, mfalme anasema kweli. Ncha ya ile pembe ilikuwa ndani ya bahari, na Thor alikunywa mpaka maji yakapwa. Tangu hapo kuna maji kupwa. Paka alikuwa joka linaloizunguka dunia, na unyayo ule ulipoinuka majitu yote yaliingiwa na hofu. Na ajuza yule ni Uzee. Hajazaliwa ambaye Uzee hatamwangusha. Thor anainua nyundo apige, lakini mfalme hayupo tena, wala ngome haipo.

Ni watu wachache sana waliothubutu kumsimulia mungu wao hivi, akishindwa na uzee kama babu zao walivyoshindwa. Walimpenda bila kumwogopa.

Mapenzi hayo yameacha alama ardhini. Hirizi za umbo la nyundo, za fedha, shaba na chuma, zimefukuliwa kwa mamia kaskazini ya Ulaya. Moja iliyopatikana mwaka 2014 kisiwani Lolland, Denmark, imechongwa herufi za kale zinazosema kuwa hiyo ni nyundo. Na huko Denmark kuna kalibu ya jiwe ya karne ya 10 iliyonigusa kupita hirizi zote: fundi aliitumia kumimina misalaba na nyundo ya Thor, vyote kwenye jiwe lile lile. Mteja alichagua.

Wengine hawakuchagua. Helgi Mwembamba, mmoja wa walowezi wa mwanzo wa Iceland, alimwamini Kristo, na shamba lake akaliita kwa jina la Kristo. Ila alipokuwa baharini, au jambo likiwa zito, alimwita Thor. Hata mahali pa kutia nanga alimwuliza Thor.

Mwaka 1000 hivi, baraza la Iceland liligawanyika kati ya dini mbili, na vita vilikuwa karibu. Uamuzi aliachiwa Thorgeir, msemaji wa sheria, ambaye mwenyewe alikuwa wa dini ya zamani. Akajifunika nguo, akalala kimya mchana na usiku kucha, kisha akatoka na hukumu: nchi nzima ibatizwe.

Mahekalu yaliisha, lakini wazazi waliendelea kuwapa watoto majina yenye Thor ndani yake: Thorstein, Thorbjörn, Thordis. Askofu wa Skálholt aliyefariki mwaka 1193 aliheshimiwa kama mtakatifu, na mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II akamtangaza msimamizi wa Iceland. Anaitwa Thorlákur, mwana wa Thórhallur. Thor yumo katika jina la mtakatifu huyo, na katika jina la baba yake pia.

Asanteni. Karibuni maswali.