Andikeni Zamu Kabla ya Saruji

(Mhadhara kwa viongozi wa vikundi vya umwagiliaji, Igunga, mkoani Tabora)

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata fedha za kuboresha mifereji. Nitafika huko. Lakini kwanza niseme lililonitoa nyumbani: mkataba wa kugawana maji uandikwe na kutiwa saini kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafika shambani.

Sababu niliiona kwa macho yangu, katika skimu ya umwagiliaji ambayo si ya hapa. Mfereji wake ulikuwa wa udongo. Kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, ulikuwa umejaa tope na magugu, na wenye majaruba ya juu, karibu na banio, yaani pale maji yanapoingilia mferejini, hawakuweza kuufukua peke yao. Walipuliza filimbi, wa chini wakaja na majembe, wakachimba pamoja siku tatu, nne, wakala chungu kimoja. Kwa kuwa waliwahitaji, waliwaachia maji. Hakukuwa na karatasi yoyote. Mikono ya wa chini ndiyo iliyokuwa mkataba.

Fedha zikaja. Sehemu ya juu ikajengwa kwa zege, banio likawekewa lango la chuma. Msimu wa pili nilimkuta mzee mmoja wa chini amesimama jarubani, mpunga unachanua na udongo umepasuka, kidole kinazama. Akaniambia, "Mwanangu, zamani walikuwa wananipulizia filimbi. Sasa hawaniiti." Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo naona uchungu.

Mtafiti Mmarekani Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliliona jambo hilo hilo na wenzake huko Nepal. Mifereji ya mawe na udongo iliyosimamiwa na wakulima wenyewe mara nyingi ilifikisha maji mwisho wa mfereji vizuri kuliko ile yenye mabanio ya kudumu iliyoendeshwa na serikali. Sisemi mkatae zege. Nasema wa juu wakubaliane na wa chini wakati bado wanahitajiana.

Sasa, mtagawanaje kitu msichojua kipimo chake? Chukueni gunzi la muhindi. Pimeni mita 10 za mfereji ulionyooka, litupeni gunzi, hesabuni sekunde. Tuseme limetumia sekunde 20: hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Mfereji una upana wa nusu mita na kina cha sentimita 30. Zidisheni kasi, upana na kina, vyote kwa mita, mnapata mita za ujazo 0.075, yaani lita 75 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, kwa hiyo chukueni kama asilimia 80 yake: lita 60. Rudieni kule mwisho, malango yote ya kati yakiwa yamefungwa. Mkipata 40, lita 20 zimepotea njiani. Hekta moja ya mpunga huhitaji takriban lita moja kwa sekunde, usiku na mchana. Basi hapo zimepotea hekta 20! Zege lianzie pale panapovuja zaidi, hata kama si kwenye shamba la mwenyekiti.

Ila ulizeni pia yanayovuja yanakwenda wapi. Mara nyingine ndiyo yanayojaza visima vya mbugani wanakochota akina mama. Na ng'ombe watanyweshwa wapi? Mfugaji asipotengewa birika, atashusha mifugo mferejini, na kingo zitabomoka. Waiteni hao wote mezani.

Katika mkataba, zamu ziwe kwa saa na zifuate ukubwa wa shamba. Kipengele kigumu ni cha mwaka wa ukame: nani anapunguza eneo, na kwa kiasi gani. Jadilianeni hilo bwawa likiwa limejaa, kwa maana likishakauka hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha ya mazingira. Ya umwagiliaji yanahitaji kibali cha bodi ya bonde, yaani bodi inayosimamia maji ya bonde lenu. Ninyi wa Igunga ni wa Bonde la Kati, maana maji ya Manonga na Wembere hayaendi baharini, yanaelekea Kitangiri na Eyasi. Wenzenu wa Urambo na Kaliua, ambao maji yao hushuka Malagarasi, ni wa Bonde la Ziwa Tanganyika.

Fedha sasa. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na Mfuko wake wa maendeleo. Msiende na ombi la "tujengewe mfereji". Nendeni na vipimo vya lita, kibali, mkataba wenye saini za wa juu na wa chini, na daftari linaloonyesha kila mkulima anachangia kiasi gani kwa matengenezo. Anayetoa fedha huogopa mradi utakaokufa fundi akishaondoka. Daftari lile ndilo linalomtoa hofu.

Kesho saa moja asubuhi tukutane mferejini. Kila kikundi kilete magunzi matatu, kamba ya mita 10 na mtu mwenye simu ya kuhesabu sekunde. Tutaanzia kupima mwisho wa mfereji, kwa wa chini.